Fomu ya PDM: muulizeni mwanangu mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita.

Mimi ni mchuuzi wa mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, hapa Busia, upande wa Uganda. Kifungua mimba wangu ni kijana wa miaka 23, na ana ulemavu wa akili. Alipokuwa na miaka 3 malaria ilimpanda kichwani, degedege likamshika usiku kucha. Alipopona, hata yale maneno machache aliyokuwa ameyajua yalikuwa yamepotea. Naeleza haya kwa sababu watu wengi huchanganya. Mwanangu si mgonjwa wa akili, wala hana dawa ya kumeza. Anaelewa, ila polepole, na anataka kuelezwa jambo moja moja.

Mwezi uliopita tulikwenda kwenye mkutano wa parokia, si ya kanisa bali ile ya utawala wa serikali, kujiandikisha kwa fedha za PDM, mpango wa serikali wa kuwakopesha wananchi mtaji kupitia parokia zao. Tangu mpango huo uanze mwaka 2022 tumeambiwa kwamba asilimia 10 ya fedha hizo ni ya watu wenye ulemavu, na mtu hukopeshwa shilingi milioni 1. Kijana alivaa shati lake la Jumapili, kitambulisho cha taifa mfukoni. Aliyekuwa akiandikisha hakumtazama. Aliniuliza mimi, "Mama, huyu anajua nini?" Kisha akaniambia niandike jina langu mahali pa jina lake, mambo yaishe. Mwanangu alikuwa amesimama pale pale, anasikia.

Njiani alinivuta kitenge. "Mama, mimi sijui?"

Mhariri, niruhusu nieleze anachojua. Mukene wetu hutoka Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria, na wale walioanikwa chini huja na mchanga na vipande vya konokono. Mteja akitafuna mchanga mara moja, harudi. Nilianza kumfundisha kupepeta. Ungo tu, wiki tatu nzima, hakuna kingine. Halafu kuchagua konokono. Halafu kupima. Kwenye hesabu tulikwama kabisa, nikawa nalia usiku, mpaka siku moja nikamwona anapanga noti zangu kwa rangi juu ya mkeka. Kesho yake nikanunua vikombe viwili vya plastiki. Kikombe cha bluu ni noti ya bluu, elfu 2. Kikombe kikubwa cha kijani ni noti ya kijani, elfu 5. Tangu hapo anauza mwenyewe ninapokwenda kuchukua mzigo. Mtu akimletea noti mbili za elfu moja anazikataa, maana si bluu, na hapo jirani yetu muuza nyanya humsaidia. Kuna bwana alitaka kumpa noti moja ya kahawia, elfu 1 tu, achukue kikombe cha bluu. Kijana alikishika kikombe kwa mikono miwili, hakukiachia mpaka bluu ilipotoka mfukoni. Mukene wake hawana mchanga. Wateja wanaovuka kutoka Kenya wakifika humuulizia yeye.

Haya hakuyapata shuleni. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 1997, ilisemwa kwamba katika watoto wanne wa kila familia watakaosoma bure, mwenye ulemavu atangulizwe. Lilikuwa jambo jema. Lakini zamu ya mwanangu ilipofika alikaa darasa la kwanza miaka mitatu, nyuma kabisa karibu na mlango, na kazi yake ikawa kutumwa maji. Mwalimu alikuwa mmoja, watoto zaidi ya mia. Simlaumu sana.

Katiba ya 1995 inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2020 ipo. Na mwaka 2008 Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaosema mtu mwenye ulemavu ni sawa na wengine mbele ya sheria, na kwamba akihitaji msaada wa kuamua, apewe msaada huo. Mimi niko tayari kukaa pembeni yake nimweleze kila mstari wa fomu kwa Kiswahili na Kisamia. Nilichokataa ni kuandika jina langu mahali pa jina lake.

Kwa ndugu zetu wanaotumia viti vya magurudumu, wasioona na viziwi, nawaheshimu sana. Mmepigania haki zetu, na leo watu wenye ulemavu wana viti 5 Bungeni. Nawaomba, mnapokaa kuigawa ile asilimia 10, ulizeni kama yupo mwenye ulemavu wa akili aliyepata. Katika parokia yetu mimi simjui hata mmoja. Wengi wamo ndani ya nyumba, mama zao wamechoka kuitwa mama wa zezeta na wameacha kutoka nao.

Fomu yake bado ninayo, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Mahali pa jina ni patupu. Jumatatu tutarudi pamoja, naye atavaa lile shati. Aliyeko mezani namwomba amsalimie kwanza yeye, amuulize anafanya biashara gani, kisha asubiri. Jibu lake huchukua muda kutoka, lakini hutoka.

Mama muuza mukene,
Busia, Uganda