Risala ya sisi tuliotoka ndani

Mheshimiwa mgeni rasmi, mzee wa mtaa, mashekhe na wachungaji, akina mama mlioketi huko nyuma, asalam aleikum na bwana asifiwe, itifaki imezingatiwa tusikawishane juu jua ndo hilo.

Sisi ni kikundi cha watu waliofungwa na hatuoni haya kusema. Tunaosha magari na kuuza maji, kitu kidogo tukipata tunawapelekea wenzetu walio jela hapa pwani ambao hawana wa kuwatembelea.

Mheshimiwa, tumeskia umekuja kuongea kuhusu vijana kusajiliwa na magaidi wakiwa ndani, sasa kabla hujaanza acha tukwambie tulivyoiona. Watu hudhani huyo msajili anaanza na jihadi siku ya kwanza. Wapi! Anaanza na sabuni. Mimi ninayesoma nilikaa rumande miaka miwili na ushee kwa kesi ya simu, bondi nilipewa lakini nyumbani hakuna wa kuiweka, mama yuko Kwale nauli hana, basi nikawa nalala ubavu kwenye wadi imejaa, akigeuka mmoja mnageuka nyote. Jamaa mmoja akanikatia nusu mche wa sabuni, kesho yake sukari, kesho kutwa ananiuliza kesi imefika wapi, na hakuna mtu mwengine aliwahi kuniuliza hilo, wakili nilikuwa sina. Miezi mitatu hivi ndo akaanza, waona serikali yatufanya nini sisi watu wa pwani? Na hapo ushakula sukari yake, utambishia vipi?

Mimi sikuokolewa na akili, nilihamishwa wadi tu. Mwenzangu wa mkeka mmoja alibaki, alipotoka hakumaliza wiki mbili nyumbani, saizi haijulikani yuko msitu wa Boni ama Somalia ama kaburini. Mamake ameketi hapa leo, ameomba tusimtaje.

Novemba 2021 wafungwa watatu wa ugaidi walitoroka jela ya Kamiti, mmoja alikuwa amefungwa miaka 41 kwa shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148 mwaka wa 2015, wakashikwa Kitui, mkuu wa magereza akafutwa, na nchi nzima ikawa ni kuta na kufuli tu. Kufuli sawa, hatupingi. Lakini huko Ufaransa, jela ya Fleury-Mérogis, Djamel Beghal, mfungwa wa ugaidi, alikuwa ametengwa na bado akampata Amedy Coulibaly aliyeingia kwa wizi wa mabavu, na Januari 2015 Coulibaly akaua watu watano Paris na kando yake.

Maombi yetu si makubwa. Twaomba wakili hata mara moja kwa mwezi kwa wale wa rumande waliosahaulika. Mashekhe waje wakae chini na vijana wawaskize, si kuhubiri nusu saa na kuondoka (samahanini, lakini ndo ukweli). Na kijana akitoka awe na mtu wa kumpokea pale getini, asianze kuitwa gaidi kabla hajafika kwao, kuna wengine wanatoka leo na kesho asubuhi washafuatwa na watu wasiojitambulisha.

Halafu sabuni. Bei ya katoni tumeiandika nyuma ya hii karatasi, ukigeuza utaiona.