Mafuta yakimwagika, mchuuzi atadai wapi?

Mhariri,

Mimi ni mchuuzi wa samaki, soko la Feri. Pweza na changu ninaowauza hutoka bahari ileile ambako meli hushusha mafuta kupitia boya la Mjimwema, Kigamboni.

Julai 2020 meli Wakashio ilipanda mwamba Mauritius. Takriban tani 1,000 za mafuta zilimwagika, nayo haikuwa hata meli ya kubeba mafuta. Yalikuwa ya injini yake tu! Sasa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linakuja Chongoleani, Tanga.

Naiomba Serikali itutangazie: vizuizi vya kuzuia mafuta yasisambae vimewekwa wapi, na wavuvi wetu wamefundishwa kuvitandaza? Mikoko ikilowa mafuta, kamba wachanga hawana pa kukulia. Na mchuuzi asiye na risiti atadai fidia wapi?

Mchuuzi wa samaki,
Kigamboni, Dar es Salaam