Uimara wa injini za mashine za kukata nyasi haupimwi kwa nguvu za farasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu dai ambalo karibu kila mwenye mashine ya kukata nyasi ya kukalia, au trekta dogo la bustani, amekwisha kulisikia: kwamba injini ndogo za petroli za siku hizi ni takataka, kwamba za zamani ndizo zilizokuwa injini, na kwamba kinga pekee ya mnunuzi ni kuchagua jina kubwa na nguvu nyingi za farasi. Dai hilo lina chembe ya ukweli, lakini linampeleka mnunuzi dukani na maswali yasiyofaa, na baadaye linamfanya ailaumu injini kwa maradhi ambayo chanzo chake kimo katika dumu la petroli, katika filta ya hewa na katika nyasi kavu zilizojibana chini ya kasha la feni.

Sifa za injini za zamani si za uongo. Injini za Kohler za mfululizo wa K, zilizofungwa katika matrekta madogo ya Cub Cadet tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, zilikuwa na bloku nzito ya chuma cha kusubu, na silinda yake ikishalika fundi aliweza kuipanua na kuweka pistoni kubwa zaidi, injini ikaanza maisha mapya. Hata hivyo, injini hizo hizo zilikuwa na valvu ubavuni mwa silinda, muundo unaolimbikiza kaboni kiasi kwamba kichwa cha silinda kilipaswa kufunguliwa kila baada ya muda ili kaboni ikwanguliwe, na moto wa plagi ulitegemea pointi, yaani vibao vidogo vya kuunga na kukata umeme, zilizochakaa na kuchafuka. Kero hiyo ya pointi ilianza kutoweka pale tu mifumo ya kielektroniki ilipoenea, mmojawapo ukiwa ule ambao Briggs & Stratton waliuingiza katika injini zao mwaka 1982. Isitoshe, zile tunazoziona zikiunguruma leo ni zile zilizopata wenyewe wazuri. Nyingine zilikwisha kuuzwa kama vyuma chakavu zamani, na hakuna anayezihesabu anapozisifia zilizobaki.

Tofauti iliyo muhimu zaidi, kwa maoni yangu, si ya enzi bali ya daraja. Mtengenezaji yuleyule, chini ya jina lilelile lililobandikwa juu ya kasha, anaweza kuuza injini ambayo pistoni yake inasuguana moja kwa moja na alumini, na nyingine ambayo ndani ya silinda mna ala ya chuma. Moja ambayo oili inarushwa tu na kijiko au gurudumu lenye meno lililomo ndani ya kreta, yaani kasha la chini la injini lenye oili, na nyingine ambayo oili inasukumwa kwa pampu hadi kwenye beringi ikipita kwanza katika filta. Zote mbili zitawaka siku ya kwanza, zote zitakata nyasi, na mnunuzi aliyetazama rangi na jina hatajua amechukua ipi.

Kuna kipimo kimoja ambacho kingemsaidia, na ni ajabu kwamba wauzaji karibu hawakitaji kamwe. Chini ya kanuni za Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, injini za aina hii zenye ujazo wa kuanzia sentimita za ujazo 225 hupangwa katika madaraja matatu ya muda ambao mtengenezaji anapaswa kuhakikisha kwamba moshi wake haujazidi kiwango: saa 250, saa 500 au saa 1,000. Saa hizo si tarehe ya kufa kwa injini, kwa maana injini iliyotunzwa yaweza kuzipita mbali, lakini zinaonyesha vizuri mtengenezaji mwenyewe aliikusudia kwa kazi gani. Anayekata nyasi saa mbili kwa wiki, kwa wiki 30 za mwaka, anatumia saa 60. Kwake yeye saa 250 ni miaka minne na kidogo, ilhali saa 1,000 ni zaidi ya miaka 16. Tena, hizi si saa za kupumzika. Injini inayozunguka mara 3,600 kwa dakika inakamilisha mizunguko milioni 54 katika saa 250, na karibu muda wote huo ikiwa imebeba mzigo. Gari linalotembea kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa litakuwa limefika kilomita 12,500 tu kwa saa hizo hizo, na hakuna anayeliita gari hilo la zamani.

Nguvu za farasi, kwa upande mwingine, hazisemi lolote kuhusu uimara, na kuna wakati hazikusema kweli hata kuhusu nguvu. Nchini Marekani wanunuzi waliwashtaki watengenezaji na wauzaji kadhaa wa mashine za kukata nyasi wakidai kwamba nguvu zilizoandikwa ni kubwa kuliko zilizopo, na mashauri hayo yakamalizika kwa makubaliano ambayo mahakama iliyaidhinisha mwaka 2010. Anayechagua kati ya mashine mbili kwa sababu moja inadai farasi wawili zaidi anachagua kwa kigezo dhaifu kuliko vyote.

Sasa niyageukie maradhi yenyewe, maana hapa ndipo sifa ya injini nyingi inapochafuliwa bila haki. La kwanza ni joto. Injini hizi hazina maji wala rejeta. Zinapozwa na hewa ambayo feni iliyo juu ya gurudumu tegemeo huivuta na kuipitisha katikati ya mapezi ya silinda, yaani vile vibapa vyembamba vinavyoizunguka. Mashine inayokata nyasi huishi ndani ya vumbi na makapi, na makapi hayo hupenya chini ya kasha, yakajaza nafasi kati ya mapezi hasa upande ambao mwenye mashine haoni, na panya nao hupapenda mahali hapo pa joto wakajenga viota. Injini haitatoa onyo lolote, kwa kuwa mashine nyingi hazina geji ya joto. Itakachofanya ni kuendelea kufanya kazi ikiwa na joto la kupita kiasi upande mmoja, hadi kichwa cha alumini kipinde kidogo na gasketi yake iungue. Katika injini nyingi zenye valvu juu, gasketi hiyo huungua mahali penye upana mdogo kati ya silinda na njia ya fito za kusukuma valvu, shinikizo la mwako likavujia ndani ya kreta, na oili ikasukumwa kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye kabureta. Mwenye mashine anaona moshi mweupe wa oili na anaambiwa ringi za pistoni zimekwisha, injini imekufa, nunua nyingine, ilhali kinachohitajika ni gasketi, kichwa kilichonyooshwa na mapezi yaliyosafishwa. Kufungua kasha la feni mara moja kwa msimu na kusafisha mapezi kwa brashi ni kazi isiyohitaji fundi, na sijui huduma nyingine rahisi kama hiyo inayoongeza maisha ya injini kwa kiasi hicho.

Joto hilo linachochewa na desturi moja yenye nia njema. Wapo wanaokata nyasi kwa nusu ya mwendo wakidhani wanaihurumia injini. Feni inazunguka kwa kasi ya injini, na ukipunguza mwendo umepunguza hewa ya kupoza, na katika injini zisizo na pampu umepunguza pia oili inayorushwa, huku mzigo wa visu ukibaki palepale. Gavana, yaani kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, imewekwa kiwandani ili injini ifanye kazi kwenye mwendo wake kamili. Mwendo mdogo ni wa kupoza injini kidogo, visu vikiwa vimesimama, kabla ya kuizima.

La pili ni petroli, na hapa nakubali kwamba injini za sasa ni dhaifu kuliko zile za babu zetu. Ili kupunguza moshi, kabureta zimewekewa vitundu vyembamba vilivyofungwa kiwandani, na mchanganyiko wa hewa na petroli umefanywa kuwa na petroli kidogo kadiri iwezekanavyo, hivyo uchafu ambao kabureta ya zamani ingeumeza bila kuhisi unaifanya injini ya sasa ikohoe na kuzima. Petroli nyingi katika nchi kama Marekani nayo ina ethanoli, aina ya pombe, ambayo hunyonya unyevu wa hewa, na maji yakizidi hujitenga pamoja na ethanoli yakatuama chini ya tangi na bakuli la kabureta. Watengenezaji wengi wanakubali ethanoli isiyozidi asilimia 10, na vitabu vyao huonya kwamba petroli iliyokaa zaidi ya siku 30 huanza kuharibika. Kuacha tangi nusu msimu mzima wa mapumziko, kisha kulalamika kwamba mashine haiwaki, ni kuidai injini kitu ambacho haikuahidi.

Madhara ya petroli chafu hayaishii kwenye kutowaka. Chembe moja ya uchafu inaweza kuizuia sindano ya floti, ile inayofunga petroli kabureta ikijaa, isizibe vizuri, na kama tangi liko juu kuliko kabureta petroli itachuruzika usiku kucha, iingie silinda, ipite kando ya ringi na kujikusanya katika kreta. Asubuhi mwenye mashine anachomoa kijiti cha oili, anakuta kiwango kimepanda, anafurahi kwamba injini yake haili oili. Katika injini nyingi za daraja hili fimbo ya pistoni ni ya alumini na inazunguka moja kwa moja juu ya krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, bila beringi ya kubadilishwa. Oili iliyopunguzwa uzito na petroli haiwezi kuikinga, fimbo inanata, inavunjika na kutoboa bloku. Huo ndio mwisho wa injini, na kila mtu atasema ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Koki ndogo kwenye mpira wa petroli, inayofungwa kila kazi inapokwisha, ingeuzuia. Oili inayonuka petroli imwagwe, na sindano ishughulikiwe kabla ya kuwasha tena.

Kuhusu vumbi sina mengi: filta ya hewa iliyochanika au iliyokaa upande itaua ringi katika msimu mmoja, na filta ya karatasi haipulizwi kwa hewa ya kompresa, kwa kuwa inapasuka mahali pasipoonekana.

Lipo, hata hivyo, lalamiko moja linalostahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu limewagharimu watu betri na stata nyingi zisizokuwa na kosa. Injini inazunguka nusu, inagota, inasimama. Ukijaribu tena inagota palepale. Mwenyewe ananunua betri, haisaidii. Ananunua stata, haisaidii. Hatimaye anaamini kwamba injini imekwama. Injini kubwa ya silinda moja ni ngumu kuzungushwa, na ndiyo maana kamshafti yake, yaani mhimili unaofungua valvu, ina kifaa kidogo kinachoinua valvu kwa kiasi kidogo sana wakati wa kuwasha ili shinikizo lipungue. Kiasi hicho ni kidogo hata nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma ikipanuka kwa uchakavu wa kawaida, valvu haiinuliwi tena, na pistoni inakutana na shinikizo lote. Tiba ni fila geji, yaani vibapa vya kupimia nafasi nyembamba, na spana mbili: kuirudisha nafasi hiyo kwenye kipimo cha kitabu cha injini husika, ambacho katika nyingi kiko karibu na milimita 0.1 hadi 0.15. Vitabu vya watengenezaji vinaitaja kazi hii kama huduma ya kawaida, lakini wauzaji hawaisemi, na wengi wa wenye mashine hawajui kwamba kuna valvu za kupimwa.

Injini za sindano ya mafuta ya kielektroniki zinaondoa baadhi ya matatizo ya kabureta, na nazipenda, ila zinataka betri nzima na petroli safi kuliko hata kabureta.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba waandishi wako wanapoandika kuhusu mashine hizi waache kunakili nguvu za farasi kutoka kwenye vipeperushi. Watuambie injini imepangwa katika daraja la saa ngapi, kama ina pampu na filta ya oili, kama silinda ina ala ya chuma, na kama kasha la feni linafunguka kwa skrubu chache au ni lazima nusu ya mashine ivuliwe kwanza. Na kwa wauzaji, kila mashine ya kukalia itoke dukani ikiwa na mita ya saa, kwa kuwa ratiba yote ya huduma, kuanzia oili ya kwanza inayomwagwa baada ya saa chache tu hadi zile za kila saa 50 au 100, imeandikwa kwa saa, na mwenye mashine isiyo na mita hana njia ya kuifuata isipokuwa kwa kubahatisha.

Wako,
Fundi wa injini ndogo