Wanaotuuzia grafini watuambie iko katika umbo gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, maana hili jambo la bidhaa za grafini linazungushwa sana kwenye magrupu ya WhatsApp na kila mtu analishika pale anapotaka. Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Morogoro, na kwakuwa nafundisha kemia basi ndugu, majirani na wazazi wa wanafunzi wananitumia picha za bidhaa, mara barakoa imeandikwa grafini, mara mkanda wa kupasha mgongo, mara soksi, mara matone ya kunywa, alafu swali ni lilelile, mwalimu hii ni sumu au ni dawa? Anayeuliza anataka neno moja tu. Sasa neno moja halipo, na mi naona ndo hapo tunapoumizwa, kwasababu muuzaji anasema hii ni kaboni tu hata mwili wako una kaboni, na yule wa upande wa pili anasema ni sumu imewekwa makusudi kutumaliza, na wote wawili hawajakwambia kitu unachoweza kukitumia ukiwa dukani.

Kweli ni kaboni. Almasi ni kaboni, masizi ni kaboni, na kinywe kinachopatikana Mahenge na Ruangwa ni kaboni pia, kilekile kilicho ndani ya penseli. Kinywe kimepangwa tabaka juu ya tabaka, na tabaka moja likibanduliwa peke yake, unene wa atomu moja tu, ndo linaitwa grafini. Andre Geim na Konstantin Novoselov walilibandua kule Manchester mwaka 2004 kwa selotepu ya kawaida kabisa na wakapata tuzo ya Nobel 2010. Tabaka hilo likijiviringa likawa bomba tunaita nanotyubu, na likijifunga likawa mpira wa atomu 60 tunaita fulerini. Unywele mmoja wa kichwani una upana wa kama nanomita 80,000 hivi (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni), wakati nanotyubu nyingine upana wake haufiki hata nanomita 100. Kwahiyo tunaongelea vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona na kitambaa cha kawaida hakiwezi kuvizuia.

Sasa nisikilize vizuri hapa maana ndo kiini cha barua yangu. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh, Scotland, akiwemo Ken Donaldson ambaye alishasoma asbestosi, yale madini ya nyuzinyuzi ya kuezekea, miaka mingi, walichukua nanotyubu za kaboni wakawachoma panya kwa sindano kwenye uwazi wa tumbo, sehemu yenye utando wa aina ileile unaozunguka mapafu. Walitumia nanotyubu ndefu zilizonyooka, wakatumia na fupi, wakatumia na zile zilizojisokota. Zile ndefu zilizonyooka zikaleta uvimbe na makovu kama yanayoletwa na asbestosi ndefu. Fupi na zilizojisokota hazikufanya hivyo. Kaboni ni ileile, panya ni walewale, kilichobadilika ni umbo na urefu.

Sababu yake inaeleweka. Ndani ya mapafu kuna seli za ulinzi zinaitwa makrofaji, kazi yake ni kumeza kila kichafu kilichoingia na kukitoa. Unyuzi ukiwa na urefu wa maikromita 15 au 20 (maikromita ni milimita moja ukiigawa mara elfu) na umekakamaa, seli haiwezi kuuzungukia wote, inabaki imeushika nusu kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, haumezeki na hautoki, na wakati huo seli inazidi kumwaga kemikali zake za kuua vijidudu pale pale kwenye nyama ya mapafu. Hiyo ikiendelea miezi na miaka panakuwa na uvimbe usioisha, alafu makovu, na kwa asbestosi tunajua mwisho wake ni ile saratani ya utando wa mapafu inayoitwa mesotelioma, ambayo inaweza kuchukua miaka 30 au 40 kujitokeza tangu mtu avute lile vumbi. Huku kwetu bado tuna majengo ya zamani yameezekwa kwa asbestosi, na mafundi wanapanda juu wanayakata kwa msumeno bila kitu usoni. Asbestosi nayo iliingia nchini ikisifiwa, haishiki moto, haiozi, bei nafuu.

Wajapani wao wakaenda mbele zaidi, wakawavutisha panya hewa yenye nanotyubu za aina moja inayoitwa MWNT-7 kwa miaka miwili mizima, na matokeo yaliyotoka 2016 yalionyesha panya walipata saratani ya mapafu. Kabla ya hapo, mwaka 2014, IARC ambalo ni shirika la utafiti wa saratani chini ya WHO, lilishaiweka MWNT-7 kwenye kundi la 2B, yaani vitu vinavyoweza kuleta saratani kwa binadamu. Lakini nanotyubu nyingine zote IARC ilisema ushahidi hautoshi kuzipanga, kwahiyo mtu akikwambia nanotyubu zote zinaleta saratani huyo kaongeza chumvi, na akikwambia zimethibitishwa ni salama huyo kakudanganya.

Barakoa je? Kisa cha Kanada kinafundisha sana na nashangaa hakisimuliwi hadi mwisho. Mwaka 2021 kipindi cha korona, kule Quebec shule na vituo vya watoto wadogo viligawiwa barakoa zenye grafini. Baadhi ya walezi wakalalamika wanahisi kama wanameza manyoya ya paka. Mwezi wa nne wizara ya afya ya Kanada ikawaambia watu waache kuzitumia wakati inachunguza. Watu wengi waliosambaza habari hii wameishia hapo. Lakini mwezi wa saba mwaka huohuo wizara ikatoa majibu, kwamba aina nne za barakoa walizozipima hazikumwaga grafini kwa kiasi kinachoweza kudhuru mapafu, na zikaruhusiwa kurudi sokoni. Mi nauona huo ndo utaratibu wenyewe, walisimamisha, wakapima kinachodondoka kwenye kile kitambaa, wakasema matokeo hadharani. Kilichopimwa sio jina la grafini, kilichopimwa ni je inachomoka na kuingia puani au haichomoki. Kwahiyo ule mkanda wa mgongo ambao grafini imefungiwa ndani ya plastiki wala haunipi presha, ila unga wa grafini unaouzwa kwenye kopo mtu achanganye kwenye rangi au gundi mwenyewe nyumbani, huo naogopa.

Naomba nielezee na hili la matone maana limeingia hadi nyumbani kwetu. Mama yangu ana umri mkubwa, magoti yanamsumbua, na kuna ndugu aliye ughaibuni akamtumia chupa ya fulerini iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya zeituni, akaambiwa inarefusha maisha na inaondoa maumivu. Nilipofika nikaikuta chupa dirishani jikoni, kioo cheupe, jua linaipiga, mafuta yana rangi ya zambarau iliyokolea, na lebo haina kipimo wala onyo lolote, kuna maneno ya sifa tu. Habari ya kurefusha maisha ilianzia kwenye utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2012, ambapo panya wachache sana waliopewa mafuta hayo waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Sawa. Lakini mwaka 2021 watafiti wengine wakarudia kwa panya wengi zaidi na hawakuona maisha kurefuka kupita mafuta ya zeituni matupu, tena wakagundua mafuta yale yakipigwa na mwanga yanatengeneza sumu, panya wakaugua na wengine wakafa ndani ya wiki mbili. Yakitunzwa gizani haikuwa hivyo. Sasa fikiria ile chupa ya mama dirishani. Nani alimwambia aiweke gizani? Hakuna. Tuliimwaga, na mama akaelewa vizuri tu nilipomweleza kwa Kiswahili, kwahiyo sio kweli kwamba haya mambo ni magumu kwa watu wa kawaida, shida ni kwamba anayeuza hayasemi.

Na ule uvumi kwamba chanjo za korona ziliwekwa oksidi ya grafini, yaani grafini iliyoshikana na oksijeni, naumaliza haraka. Hazikuwa nayo, orodha za viambato zilitolewa hadharani na haimo. Uvumi ule ulitudhuru mara mbili, kuna watu wazima waliokataa chanjo, na hadi leo ukianza kuongelea usalama wa grafini kwa nia njema watu wanakuona ni mmoja wa wale.

Mimi sio mpinzani wa hivi vitu kabisa, na ningeumia mtu akiichukua barua hii kama sababu ya kuvikataa. China madaktari wanatumia chembe ndogo sana za kaboni wakati wa upasuaji wa tezi ya shingo, wanazichoma kwa sindano pale, tezi za limfu zinageuka nyeusi na daktari anaziona wazi, wakati zile tezi ndogo za paratiroidi zinazorekebisha kalsiamu mwilini zinabaki na rangi yake zisikatwe kimakosa. Uingereza mwaka 2024 mgonjwa aliyekuwa anatolewa uvimbe kwenye ubongo aliwekewa kwa muda kifaa cha grafini cha kusoma mawimbi ya ubongo, mara ya kwanza duniani. Mwaka huohuo Edinburgh, wakishirikiana na wenzao wa Manchester, walitoa matokeo ya watu 14 wenye afya waliojitolea kuvuta hewa yenye oksidi ya grafini iliyosafishwa sana, vipande vyembamba, kwa masaa mawili huku wakiendesha baiskeli ya mazoezi. Mapafu na presha havikuonyesha madhara ya papo kwa papo, ila kulikuwa na dalili ndogo ya damu kuganda zaidi ambayo lazima ifuatiliwe. Masaa mawili lakini, sio miaka 20 ya kazini. Na tangu 2010 inajulikana kwamba kuna enzaimu kwenye seli zetu nyeupe za damu inayoweza kuzimeng'enya nanotyubu za tabaka moja. Yaani mwili haujakaa mikono mitupu, unategemea umeletewa nini.

Tena hewa ya mjini kwenyewe ina hivi vitu. Mwaka 2015 kule Paris watafiti waliangalia majimaji yaliyotolewa mapafuni mwa watoto 64 wenye pumu wakakuta nanotyubu za kaboni zinazofanana na zilizopatikana kwenye moshi wa magari na vumbi la mji. Utafiti haukusema ndizo zilizoleta pumu. Ila anayekaa kando ya barabara ya magari ya dizeli, au anayepikia mkaa ndani, tayari anavuta chembe ndogo za kaboni kila siku na hakuna aliyemuuzia.

Sasa narudi kwenye kinywe, na hili nalisema kwa uchungu maana nina wanafunzi wanaotoka Ulanga, wilaya yenye kinywe cha Mahenge, ambao ajira wanayoiota ni hiyo ya mgodini. Magazeti yetu yakiandika kinywe yanaandika betri za magari ya umeme, tani, mapato, fidia za maeneo. Vumbi hakuna anayeliandika. Kinywe cha kawaida kikivutwa miaka mingi kinajaza mapafu na kuleta makovu, hilo linajulikana zamani. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya ya wafanyakazi, inashauri vumbi la kinywe cha asili linalofika ndani kabisa ya mapafu lisizidi miligramu 2.5 kwa mita moja ya ujazo wa hewa. Kwa nanotyubu za kaboni taasisi hiyohiyo tangu 2013 inashauri zisizidi maikrogramu 1 (miligramu moja ni maikrogramu 1,000) kwa mita hiyohiyo ya ujazo. Ukipiga hesabu tofauti ni mara 2,500, na vyote ni kaboni. Tunasikia kila siku kwamba tusiuze ghafi, tuongeze thamani hapahapa nchini, na mimi naunga mkono, ila kuongeza thamani ya kinywe maana yake ni kukisaga kiwe laini zaidi na zaidi, na kesho mtu atakuja na kiwanda cha grafini. Kipimo cha vumbi cha jana hakitafaa kwa unga wa kesho, na barakoa ya kitambaa haitafaa kabisa, inatakiwa ile ya kuchuja chembe inayokaa sawasawa usoni, mashine ya kunyonya vumbi pale linapotokea, na kukata au kusaga kwa maji pale inapowezekana.

Kwahiyo ombi langu kwa TBS, shirika la viwango, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ni kwamba bidhaa yoyote inayoandikwa nano, grafini au fulerini isiingie dukani mpaka lebo iseme kwa Kiswahili ni aina gani ya kaboni, imefungiwa ndani au ni unga ulio huru, na kama ni ya kuvaa puani au ya kunywa basi nani amepima na amekuta nini. Na OSHA wetu, wale wa usalama na afya kazini, waende Mahenge na Ruangwa na kwenye kila kiwanda cha kusaga kinywe wakapime hewa, wapime mapafu ya vijana kabla hawajaanza kazi ili kuwe na cha kulinganishia baadaye, na majibu ya vumbi yabandikwe ukutani pale wafanyakazi wanapobadilishia nguo, sio kwenye ripoti inayokaa ofisini kwa meneja.

Mwalimu wa kemia,
Morogoro