Mume wangu na chungu cha insulini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimkumbuke marehemu mume wangu, fundi seremala wa hapa Tanga, aliyeishi na kisukari tangu ujana wake.

Hatukuwa na friji. Insulini, dawa yake ya kushusha sukari ambayo hutakiwa kukaa mahali pa baridi, aliiweka katika chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa. Maji yanapokauka huondoka na joto. Kuulowesha mchanga ilikuwa kazi ya binti yetu, na hivyo akauzoea ugonjwa wa baba yake bila kuuogopa.

Kila usiku mume wangu alikagua nyayo zake kwa kioo, maana kisukari hufisha hisia za miguu na kidonda huweza kukua mtu asijue. Akimaliza, anakagua madaftari ya watoto. Kazi ilipokuwa adimu, alilipa ada kwanza, dawa yake baadaye. Kwa hilo tuligombana sana, na hadi leo linaniuma.

Insulini si dawa mpya; iligunduliwa 1921. Nawaomba wahusika waihakikishe, pamoja na vipimo vya sukari, hadi kwenye zahanati za mitaani, kwa bei ambayo fundi wa kawaida anaimudu.

Mjane,
Tanga