Shukrani kwa kaka wa benchi la Kariakoo

Kaka tuliyekaa benchi moja kwa mama ntilie Kariakoo Jumamosi mchana, sikukuuliza hata jina. Asante sana, tena sana.

Ulinikuta nimeinamia laptopu, wali maharage umeshapoa. Programu ya mauzo ya duka la mjomba ilikuwa inanitesa siku ya tatu: naondoa fremu ya dirisha kwa SetWindowLongPtr, amri ya Windows ya kubadilisha mtindo wa dirisha; mtindo unabadilika, lakini kwenye skrini fremu ya zamani imeganda palepale. Mpaka nilivute dirisha kwa kipanya ndipo linajirekebisha. InvalidateRect, amri ya kuomba dirisha lichorwe upya, nilishaiita hadi nikachoka.

Ukanieleza taratibu, bila kunidharau, kwamba hiyo inachora upya sehemu ya ndani tu. Fremu ni kazi ya Windows yenyewe, na vipimo vyake vya zamani inavishikilia mpaka iambiwe ivikokotoe upya. Ukaandika SetWindowPos, amri ya kupanga mahali na ukubwa wa dirisha, yenye alama ya SWP_FRAMECHANGED inayoiambia Windows ikokotoe fremu upya, ukaongeza SWP_NOMOVE, SWP_NOSIZE na SWP_NOZORDER ili dirisha lisihame, lisibadilike ukubwa, wala lisipande au kushuka kati ya madirisha mengine. Fremu ikatoweka hapohapo!

Ukanawa mikono, ukakimbilia daladala ya Mbagala. Kaka, mjomba anaitumia tangu Jumatatu. Ukipita tena pale, chakula nalipa mimi.