Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: Simu inanisomea, programu zenu zinagoma

Mheshimiwa Waziri,

Salamu. Nakuandikia kwa simu, herufi nimezikuza mpaka kwenye mstari yanaenea maneno manne tu. Mimi si kipofu, nina uoni hafifu. Mlango nauona, kitasa nakipapasa, na miwani haibadilishi kitu. Watu hushangaa kuniona nimeibandika simu puani, kisha muda mfupi baadaye natembea barabarani bila fimbo.

Tangu 2009, iPhone na simu za Android zilianza kuja na kisoma skrini ndani yake, yaani sauti inayotamka kilichopo kwenye skrini: huku VoiceOver, kule TalkBack. Kamera nayo nimeigeuza kioo cha kukuzia. Naielekeza kwenye kibandiko cha dawa, napiga picha, naivuta kwa vidole viwili, nasoma vidonge vingapi na mara ngapi. Zamani nilimwita mtoto wa jirani anisomee, naye akajua naumwa nini.

Kwa hiyo siombi kugawiwa vifaa. (Mikutano inayotuhusu haiishiwi ahadi za vifaa, wala picha za pamoja.) Naomba programu za serikali ziache kuharibu kile ambacho simu tayari inakiweza.

Mwezi uliopita nilijaza fomu kwenye programu ya ofisi moja ya umma. Nilipokuza herufi, kitufe cha kutuma kikazama chini ya skrini, na ukurasa ukakataa kusogea. Nikarudisha herufi ndogo, nikawasha kisoma skrini. Kikasema: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Vitatu, hakuna chenye jina. Nikabahatisha cha katikati, kumbe ndicho cha kufuta. Nikaanza upya. Safari hii nikaombwa namba ya uthibitisho, na kisanduku cha kuiandikia kimechorwa kijivu juu ya nyeupe. Nilipokipata, muda ulikuwa umekwisha.

Tiba yake inajulikana. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya yaliyomo mtandaoni yatumike na watu wenye ulemavu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1, herufi zikuzike hadi asilimia 200 bila kitu kupotea, na kila kitufe kiwe na jina ambalo simu inaweza kulitamka. Kukipa kitufe jina ni kazi ya dakika chache kwa fundi. Na Ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006, inahusu ufikivu wa habari na mawasiliano, si ngazi za majengo peke yake.

Liwekeni sharti hili kwenye zabuni: malipo ya mwisho yasitoke kabla programu haijajaribiwa na sisi wenyewe, tena kwa ujira. Fundi kufumba macho ofisini hakutoshi. Aliyefumba macho haoni kabisa. Sisi tunaona nusu, na nusu hiyo ndiyo husahauliwa.

Kabla hujanijibu, fungua mipangilio ya simu yako, vuta ukubwa wa herufi hadi mwisho, ujaze fomu yoyote ya wizara yako. Ile yangu bado sijaituma.

Wako,
Mwananchi mwenye uoni hafifu